Anayepima Maziwa Asilipe: Jinsi ya Kuweka Ruhusa kwenye Folda za Pamoja Afisini

Sugoi, katika kaunti ndogo ya Turbo, ni eneo la mahindi na maziwa. Daftari la lita za maziwa, ambalo zamani lilikaa kwenye droo ya karani, siku hizi aghalabu liko kwenye kompyuta. Ndivyo ilivyo pia kwa orodha za wanachama wa vikundi, rekodi za karo shuleni na majina ya wanaoomba basari. Kompyuta mbili tatu zikiunganishwa kwa waya au kwa Wi-Fi, faili huwekwa mahali pamoja ili kila mfanyakazi azifikie bila kubeba flashi. Hiyo ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba droo ilikuwa na ufunguo, na ilijulikana ufunguo uko kwa nani. Folda nyingi za pamoja huachwa wazi kwa kila aliyeunganishwa kwenye mtandao wa afisi.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuzifunga folda hizo kwa mpango. Limekusudiwa makarani, walimu, waweka hazina wa vikundi na vijana wanaosimamia kompyuta katika afisi ndogo. Mkazi asiyefanya kazi afisini naye atanufaika, kwa maana atajua maswali ya kuuliza katika mkutano mkuu wa chama chake.

Hatari iko wapi

Wengi wakisikia habari za kufunga folda hufikiria wachunguliaji. Kuchungulia ni hatari kweli, lakini kubadilisha kunaweza kuumiza zaidi.

Chukua mfano wa kubuni wa chama cha ushirika cha maziwa chenye wafanyakazi watano: meneja, karani wa mapokezi, mhasibu, afisa wa ugani na mwanagenzi aliyetoka chuoni. Mkulima anayeleta lita 12 kwa siku ataleta lita 360 katika siku 30. Kwa bei ya mfano ya shilingi 45 kwa lita, anadai shilingi 16,200. Tarakimu mbili za kwanza zikibadilishana nafasi, 360 inakuwa 630, na malipo yanapanda kwa shilingi 12,150. Fedha hizo zinatoka mifukoni mwa wakulima wengine. Hali kadhalika, tarakimu moja ikibadilishwa katika nambari ya simu ya mkulima, malipo yake yatakwenda kwa mtu mwingine.

Huenda ni kosa la kidole, huenda ni wizi. Ikiwa wafanyakazi wote watano wanaingia kwa akaunti moja na wote wanaweza kuandika kila mahali, hakuna atakayejua. Mwaka 2015, katika sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), swali mojawapo kubwa lilikuwa nani alitumia nenosiri la nani katika mfumo wa fedha za serikali, IFMIS. Swali kama hilo laweza kuzuka katika chama kidogo cha kijijini, na asiye na hatia akashindwa kujitetea.

Dawa yake si ngeni kwa wakazi. Cheki ya chama hutiwa sahihi na watu wawili au watatu. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mwanachama tofauti. Hakuna anayeitwa mwizi kwa kunyimwa ufunguo wa pili. Ruhusa za folda zinafanya kazi iyo hiyo: anayepima maziwa hawezi kugusa malipo, na anayelipa hawezi kubadilisha kipimo.

Viwango vitatu vya ruhusa

Kwa kila folda na kila mfanyakazi, jibu ni moja kati ya haya matatu.

Kwanza, haingii. Haoni kilichomo na hafungui chochote.

Pili, anasoma. Anafungua faili na kuiangalia, lakini habadilishi wala hafuti. Ikumbukwe kwamba anayeweza kusoma anaweza pia kunakili kwenye flashi au kupiga picha kwa simu. Kwa hiyo ruhusa ya kusoma isitolewe ovyo eti kwa sababu haiharibu kitu.

Tatu, anaandika. Anaongeza, anabadilisha na, katika mipangilio ya kawaida, anaweza pia kufuta. Hili la kufuta husahaulika mara nyingi.

Panga kwenye karatasi kwanza

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi. Upande mmoja andika folda, upande wa pili andika kazi zilizopo afisini. Usiandike majina ya watu, kwa sababu watu huhama na kazi hubaki. Kwa chama cha mfano, mpango unaweza kuwa hivi:

Mapokezi (lita za kila siku): karani wa mapokezi anaandika, mhasibu na meneja wanasoma, wengine hawaingii.

Malipo: mhasibu anaandika, meneja anasoma, karani wa mapokezi haingii.

Wanachama (majina, nambari za vitambulisho, simu na akaunti za benki): meneja anaandika, mhasibu anasoma, wengine hawaingii. Karani anahitaji jina na nambari ya uanachama pekee, na orodha hiyo fupi inawekwa ndani ya Mapokezi.

Ugani (chanjo, magonjwa, ziara za mashambani): afisa wa ugani anaandika, meneja anasoma.

Yaliyofungwa (hesabu za miezi iliyokwisha kulipwa): meneja na mhasibu wanasoma, hakuna mfanyakazi anayeandika.

Matangazo (bei, tarehe za mikutano, fomu tupu): wote wanasoma, meneja anaandika.

Mwanagenzi apewe Matangazo kwanza. Akihitajika kumsaidia karani, ataingizwa katika kundi la mapokezi kwa muda, kisha atolewe.

Kuna kazi ya sita isiyoonekana: msimamizi wa kompyuta, ambaye ndiye anayeweka ruhusa zenyewe. Akaunti yake ina nguvu kuliko zote, hivyo itumike kwa mipangilio tu, si kwa kazi za kila siku, na isiwe mkononi mwa mhasibu. Katika afisi ndogo, nenosiri lake laweza kutiwa katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, ikatunzwa na mwenyekiti wa kamati.

Akaunti kwa kila mtu, ruhusa kwa kundi

Kila mfanyakazi awe na akaunti yake na nenosiri lake. Baada ya hapo huundwa makundi kulingana na kazi: Mapokezi, Uhasibu, Meneja, Ugani, na kundi moja la wafanyakazi wote. Ruhusa hupewa kundi, na mtu huingizwa katika kundi. Karani akienda likizo, anayeshika nafasi yake anaingizwa kundini siku ya kwanza na kutolewa siku ya mwisho. Ruhusa za folda hazibadiliki. Pasipo makundi, kila mabadiliko ya mfanyakazi yatadai kupitia folda zote moja baada ya nyingine, na mojawapo itasahaulika.

Katika afisi isiyo na seva kuu ya kusimamia akaunti, akaunti hizi huundwa kwenye kompyuta inayohifadhi faili, kwa jina na nenosiri lile lile ambalo mfanyakazi anatumia kwenye kompyuta yake. Anayenunua kompyuta ya kazi hiyo azingatie kwamba Windows za daraja la Home hazina dirisha la kusimamia makundi, ilhali za daraja la Pro zinalo.

Lango la boma na mlango wa ghala

Kwenye Windows, folda ya pamoja ina ngazi mbili za ruhusa. Anayezifananisha na boma ataelewa mara moja. Ngazi ya kwanza ni lango: inamhusu anayekuja kupitia mtandao. Ngazi ya pili ni mlango wa ghala la mahindi: inahusu folda yenyewe kwenye diski, kwa yeyote anayeifikia kwa njia yoyote. Anayepita langoni akakuta ghala limefungwa hapati mahindi. Vivyo hivyo, kati ya ngazi hizo mbili, yenye masharti makali zaidi ndiyo inayoshinda.

Aliyeketi mbele ya kompyuta yenyewe inayohifadhi faili hapiti langoni. Yeye anakutana na mlango wa ghala pekee. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ifanywe kwenye ngazi ya pili, na kompyuta hiyo iwekwe katika chumba kinachofungwa.

Hatua zenyewe ni hizi. Ingia kwa akaunti ya msimamizi. Unda folda moja kubwa, iite Chama, na ndani yake zile folda sita. Bonyeza Chama kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Sharing", kisha "Advanced Sharing", halafu "Permissions". Ondoa jina "Everyone", maana yake ni kila mtu. Weka kundi la wafanyakazi wote na ulipe "Change". Hapo lango limewekwa.

Kisha nenda kwenye kila folda ya ndani, fungua "Properties" na uchague "Security". Kwa kawaida folda ya ndani hurithi ruhusa za folda iliyoibeba, kwa hiyo urithi huo unakatwa kwanza: chagua "Advanced", halafu "Disable inheritance", na ukubali ruhusa zilizopo zibaki ili uzihariri. Ondoa kundi la "Users" na jina lingine lolote lisilo katika mpango wako. Acha "SYSTEM" na "Administrators", la sivyo kompyuta na msimamizi watafungiwa nje. Mwishowe ongeza makundi yako kulingana na karatasi: "Modify" kwa wanaoandika, "Read & execute" kwa wanaosoma. Asiyetajwa haingii.

Kuna kisanduku cha kukataza, kilichoandikwa "Deny". Kitumike kwa nadra sana, kwa kuwa katazo lililowekwa kwenye folda hushinda ruhusa zilizotolewa hapo hapo. Mtu aliye katika makundi mawili anaweza kujikuta amefungiwa kazi yake mwenyewe. Kutomtaja mtu kunatosha.

Linux na visanduku vya hifadhi

Afisi nyingine hutumia kisanduku cha hifadhi kinachochomekwa kwenye mtandao. Vingi vya namna hiyo huendeshwa na Linux ndani yake, lakini msimamizi huvipanga kupitia kivinjari: anachagua folda, anachagua kundi, kisha anaweka alama kwenye hakuna, kusoma, au kusoma na kuandika. Mpango wa kwenye karatasi ni ule ule.

Kwa wanaotumia Linux moja kwa moja, kila folda ina mwenyewe, kundi lake, na watu wengine. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuingia ni 1. Nambari hujumlishwa, na huandikwa kwa mpangilio huo wa watu. Amri chmod 750 Malipo inampa mwenye folda yote matatu (4+2+1), kundi lake linasoma na kuingia (4+1), na wengine hawapati chochote. Amri chmod 770 inaruhusu kundi nalo liandike. Ukiongeza 2 mbele, yaani chmod 2770, faili mpya zitakazoundwa humo zitashika kundi la folda badala ya kundi la aliyeziunda, na hilo huwaepusha wafanyakazi wa kundi moja na kufungiana faili.

Kwenye Linux, uwezo wa kufuta faili hutokana na ruhusa ya kuandika kwenye folda iliyoibeba, si ruhusa ya faili yenyewe. Mtu anaweza kufuta faili ambayo hata hawezi kuisoma. Kwa hiyo kufunga faili moja moja na kuiacha folda wazi ni kazi bure.

Mtego wa kuhamisha faili

Mwezi ukishalipwa, msimamizi hupeleka hesabu zake kwenye folda ya Yaliyofungwa ili zisiguswe tena. Hapa Windows ina mtego. Faili ikihamishwa kutoka folda moja hadi nyingine kwenye diski ile ile, inaweza kubaki na ruhusa zake za zamani. Karani aliyeweza kuiandika kwenye Mapokezi ataweza bado, ingawa imeshahamia mahali palipofungwa. Ikinakiliwa, nakala huchukua ruhusa za folda mpya. Basi nakili, hakikisha nakala inafunguka, ndipo ufute ya zamani.

Jaribu kama mtu asiyeruhusiwa

Wengi wakimaliza kuweka ruhusa hujaribu kama wanaoruhusiwa wanaingia. Wakiona kazi inaendelea, huridhika. Jaribio la maana zaidi ni la upande wa pili. Ingia kwa akaunti ya karani, kutoka kompyuta ya karani, ujaribu kufungua Malipo. Ingia kwa akaunti ya mhasibu ujaribu kufuta mstari kwenye Mapokezi na kuhifadhi. Tumia akaunti ya mwanagenzi kujaribu folda zote. Kila inapotakiwa kukataa, iwe imekataa. Yaandike matokeo na tarehe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ruhusa nazo zina daftari lake: nani yuko katika kundi gani, tangu lini, na nani aliidhinisha. Lipitiwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mfanyakazi anapoondoka akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Windows na visanduku vingi vya hifadhi vinaweza pia kuweka kumbukumbu ya nani alifungua au kufuta faili, mradi kipengele hicho kiwashwe mapema.

Ruhusa peke yake haitoshi

Virusi vya kudai fidia hufungia faili kwa kutumia uwezo wa akaunti iliyovifungua. Mwanagenzi asiye na ruhusa ya kuandika kwenye Malipo akibofya kiambatisho kibaya, Malipo huwa na nafasi ya kusalimika. Lakini zipo dosari zinazoruka ruhusa zote. Mnamo Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kupitia dosari katika njia ambayo Windows hutumia kugawana faili, na hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya dosari hiyo mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Kwa hiyo sasisha kompyuta, na uweke nakala ya akiba kwenye diski inayochomolewa na kutunzwa mahali pengine.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na taarifa za familia yake zisifichuliwe bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu kuzilinda. Taarifa zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu jambo hilo kujulikana. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au, kwa shirika, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Taasisi ndogo inaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini haisamehewi wajibu wa kulinda taarifa.

Naye anayeingia bila idhini asidhani kwamba folda iliyoachwa wazi ni ruhusa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Ruhusa za folda zisigeuzwe kificho. Mwanachama ana haki ya kuona taarifa zake mwenyewe na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Kwa afisi za umma, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zinazoshikwa na serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaweka siku 21 za kujibu ombi. Folda inafungwa ili taarifa za mtu zisiguswe na asiyehusika. Haifungwi ili hesabu zisiulizwe.

Zoezi

1. Karani yuko katika kundi la wafanyakazi wote, linalosoma folda fulani, na pia katika kundi la Mapokezi, linaloiandika. Hakuna katazo. Je, anaweza kuandika?

2. Langoni mhasibu amepewa kusoma tu, lakini kwenye folda yenyewe amepewa kuandika. Atapata nini akiingia kupitia mtandao? Na akiketi kwenye kompyuta inayohifadhi faili?

3. Folda ya Linux ina 750. Je, mwanakundi anaweza kufuta faili iliyo ndani yake?

Majibu: 1. Ndiyo, kwa kuwa ruhusa za makundi hujumlishwa. 2. Kupitia mtandao atasoma tu. Kwenye kompyuta yenyewe ataandika, kwa kuwa hakupita langoni. 3. La, kundi halina ruhusa ya kuandika kwenye folda.

Maswali ya mwanachama kwenye mkutano mkuu

Je, kila mfanyakazi ana akaunti yake? Je, anayeandika lita anaweza kubadilisha malipo? Nani ana nenosiri la msimamizi? Akaunti za walioacha kazi zimefungwa? Nakala ya akiba iko wapi, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho kuona kama inasomeka? Kamati inayoweza kujibu maswali haya matano bila kusitasita inaitunza vyema jasho la wakulima wake. Isiyoweza ianze na karatasi na kalamu: folda upande mmoja, kazi upande wa pili.